Shajara ya mradi: nani anakaa wapi chini ya bahari ya Antaktika

Januari

Mradi umeanza. Tunatengeneza ramani ya ukutani kwa Kiswahili, pamoja na michoro ya mkato, kuonyesha wanyama wanaoishi kwenye sakafu ya bahari kuizunguka Antaktika na kilichowafanya wakae pale walipo. Tuko wawili. Mimi nashika data na uchoraji. Mwenzangu ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, na kazi yake ni kusoma kila maelezo kwa macho ya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kikipita kwake, kimepita.

Swali linalobeba mradi mzima ni hili. Maji ya huko ni ya baridi kila mahali. Katika Ghuba ya McMurdo, kwenye Bahari ya Ross, maji hukaa karibu na nyuzi joto -1.9 za sentigredi takriban mwaka mzima, na ni chumvi tu inayoyazuia kuganda kabla ya kufika hapo. Sasa kama baridi ni ile ile, kwa nini sehemu moja sakafu imefunikwa na sifongo, matumbawe laini na viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota) hadi mzamiaji anakosa pa kushika, na ukisogea kidogo unakuta changarawe tupu? Ukijibu "kwa sababu ya baridi" hujajibu kitu. Lazima kuna mambo mengine yanayobadilika ndani ya baridi hiyo, na ramani yetu itakuwa na maana ikiyaonyesha hayo.

Nimeshusha kumbukumbu za spishi kutoka OBIS, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe wa bahari iliyo wazi kwa kila mtu. Ramani ya kina ni IBCSO, toleo la pili la mwaka 2022, ambalo kila mraba wake una upana wa mita 500. Joto, chumvi na mikondo nachukua Bio-ORACLE, mkusanyo wa ramani za hali ya maji ya bahari, kwenye matabaka yaliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chini kabisa. Hilo la mwisho nimeliandika kwa herufi nzito kwenye faili la maelezo, kwa sababu joto linalopimwa na setilaiti ni la uso wa bahari, na mnyama aliye mita 400 chini hana habari na jua la Januari.

Februari, mwanzoni

Siku zote hizi ni za kusafisha data. Kuna kumbukumbu zinazoangukia nchi kavu, nyingine juu ya barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole kutoka bara. Kuna spishi zilizoandikwa kwa majina mawili, la zamani na la sasa. Hayo yanatengenezeka. Kisichotengenezeka ni mahali zilikotoka. Ukizimwaga kwenye ramani, zinajikusanya kuzunguka vituo vya utafiti, kama Rothera, McMurdo, Kisiwa cha Signy na Dumont d'Urville, kisha zinafuata njia za meli. Kwingine kote ni kweupe.

Nilimtumia mwenzangu picha ya kwanza. Akauliza:

"Kaka, hapa kweupe maana yake hakuna wanyama?"

"Hapana, Mwalimu. Maana yake hakuna aliyewahi kuteremsha kamera."

"Basi usipaache hivyo. Mtoto akiona kweupe ataandika 'jangwa' kwenye mtihani."

Tumekubaliana. Mahali ambapo hapajachunguzwa patachorwa mistari ya mshazari, na mahali palipochunguzwa pakakutwa patupu patakuwa na rangi yake. Jambo hili si la urembo wa ramani. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza, wa British Antarctic Survey, walieleza walichokiona walipotoboa rafu ya barafu ya Filchner-Ronne, yaani lile bamba la barafu la bara linaloendelea juu ya bahari likielea. Barafu pale ina unene wa takriban mita 900. Walishusha vifaa wakitaka kuchota mashapo, wakagonga jiwe, na kamera ikaonyesha sifongo wamelishika jiwe hilo, gizani kabisa, kilomita 260 kutoka bahari iliyo wazi. Ramani nyingi zingepaka sehemu ile rangi ya utupu.

Tarehe 13 Januari 2025, siwa barafu, yaani kipande kikubwa cha barafu kinachoelea, lililopewa jina A-84, lenye eneo la kilomita za mraba 510 hivi, lilimeguka kutoka rafu ya barafu ya George VI. Meli ya utafiti Falkor (too) ya Schmidt Ocean Institute ilikuwa karibu, ikageuza ratiba, na tarehe 25 ikafika juu ya sakafu ambayo hadi juzi yake ilikuwa imefunikwa. Roboti yao ilikuta matumbawe na sifongo wakubwa, samaki-barafu, buibui wa bahari na pweza, hadi kina cha mita 1,300. Sifongo wa ukubwa ule hawakui kwa wiki mbili. Walikuwepo chini ya barafu muda wote, wakilishwa na mikondo.

Kwa hiyo mistari ya mshazari inabaki, hata kama inaifanya ramani ionekane haijakamilika. Ni kweli haijakamilika.

Februari, mwishoni

Nimetumia muda mwingi McMurdo, na sijutii. Pale ndipo kanuni zinapoonekana kwa macho.

Katika miaka ya 1960 mwanaikolojia Paul Dayton na wenzake walizama chini ya barafu ya ghuba ile na kukuta sakafu imegawanyika kwa mapana yanayoeleweka. Kuanzia juu hadi karibu mita 15, hakuna mnyama aliyejishikiza. Kati ya mita 15 na 33 kuna anemoni (wanyama laini wenye minyiri, wanaofanana na maua), matumbawe laini na haidroidi, jamaa zao wadogo wenye matawi kama mimea. Chini ya mita 33 ndipo sifongo wanapotawala, wengine wakubwa kuliko mtu anayewapiga picha, na juu yao wanapanda minyoo, konokono na viti vya pweza. Mtu aliyekulia pwani atalishika jambo hili upesi, maana anajua ufuo wake unavyopangwa kwa maji kupwa na kujaa, na kila mkazi ana mstari wake. McMurdo anayechora mistari ni barafu.

Na si barafu ile inayoonekana juu. Kuna aina inayoitwa barafu ya nanga. Maji yaliyopoa chini kidogo ya kiwango cha kuganda hutengeneza vipande vyembamba vya barafu kwenye kitu chochote kilichoko sakafuni: jiwe, kamba, mnyama. Vipande vinaongezeka, vinakuwa tandiko zito, na kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, siku moja tandiko linang'oka na kupanda juu likiwa limembeba kila kilichonaswa. Sifongo anayeng'olewa hivyo anaishia kugandishwa kwenye dari ya barafu. Kadiri unavyoshuka ndivyo barafu hii inavyopungua, na karibu na mita 33 inakoma. Hapo ndipo sifongo anapoweza kuishi miaka mingi bila kung'olewa.

Wanaotembea wana ujanja wao. Barafu ya nanga ikiyeyuka, viti vya pweza wekundu wa spishi ya Odontaster validus hupanda juu kutafuta chakula kwenye eneo ambalo waliojishikiza hawawezi kukaa. Pamoja nao yupo Sterechinus neumayeri, mnyama duara mwenye miiba, wa jamii ya wale wanaochoma nyayo za wavuvi kwenye miamba yetu. Huyu nimemtazama sana kwenye video. Anatembea amejifunika vipande vya mwani mwekundu, kavishika kwa miguu yake midogo laini, na ukimwona kwa mbali unadhani ni mwani unaosogea wenyewe. Anemoni wakubwa humwinda. Minyiri ya anemoni ikimgusa inanata kwenye mwani, naye anauachia mwani huo na kuondoka. Mwani wenyewe nao unafaidika, kwa sababu unabebwa na kuwekwa mahali ambapo peke yake usingefika. Nimeamua huyu apate mchoro wake pembeni ya ramani, mkubwa, wenye kila kipande cha mwani.

Hapa pana tatizo la vipimo. Mapana yote matatu ya Dayton yanaweza kuingia ndani ya mraba mmoja wa mita 500 na yakapotea. Ramani kubwa haitayaonyesha hata tukiikuza namna gani. Ndiyo sababu tunachora mkato: ramani inasema mnyama yuko upande gani wa bara, mkato unasema yuko mita ngapi chini.

Machi

Upande wa pili wa bara, barafu inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Masiwa barafu yanaelea na sehemu yake kubwa ikiwa majini, na yakifika kwenye maji mafupi yanaburuza matumbo yake sakafuni na kusaga kila kilichopo. Rothera Point, kwenye Kisiwa cha Adelaide, wazamiaji wa British Antarctic Survey wameweka alama ndogo za zege kwenye vina tofauti hadi mita 25, na kila mwaka wanarudi kuhesabu zilizovunjika na kuweka nyingine. Ni kazi ya mikono, ndani ya maji yanayokaribia kuganda, mwaka baada ya mwaka, na naithamini kuliko modeli yoyote niliyo nayo kwenye kompyuta, yaani zile hesabu zinazokisia mnyama atakaa wapi.

Walichogundua, na kuchapisha mwaka 2008, ni kwamba barafu ya bahari inayoshikamana na pwani ni kinga. Ikikaa muda mrefu, masiwa barafu yanafungiwa yasitembee. Ikivunjika mapema, yanazurura na kugonga. Mwaka wenye barafu fupi ya pwani ndio mwaka wa alama nyingi zilizovunjika, na wa wanyama wengi waliosagwa. Mtu angedhani barafu ikipungua viumbe wa sakafu watapumua. Kwenye maji mafupi ya Rothera ni kinyume chake. Februari 2023 barafu ya bahari kuizunguka Antaktika ilishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 1.79, chini kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970. Niliposoma takwimu hiyo mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye zile alama za zege.

Sehemu za kina zaidi hazijasalimika. Katika Bahari ya Weddell, masiwa makubwa yamechimba mifereji kwenye vina vya mita mia kadhaa. Julian Gutt wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani ameonyesha kwa miaka mingi kwamba sakafu ile ni viraka: hapa pamesagwa karibuni, pale wameanza kurudi wale wanaokua haraka, kule kuna jamii ya sifongo iliyokaa bila kuguswa kwa muda mrefu. Viraka hivyo vyote vikiwa pamoja, eneo linakuwa na aina nyingi za wanyama. Ukiangalia kiraka kimoja tu, ni uharibifu mtupu.

Nimeongeza kwenye data safu mbili mpya, idadi ya siku za barafu ya bahari kwa mwaka na umbali kutoka mbele ya rafu za barafu. Si kipimo cha barafu inavyosugua sakafu, lakini vinakaribia.

Machi, nyongeza

Mwalimu alijaribisha rasimu darasani. Swali la kwanza kutoka kwa wanafunzi: hawa wanyama wenyewe kwa nini hawagandi?

Tumeandika hivi kwenye kisanduku. Sifongo, viti vya pweza na minyoo wana maji ya mwilini yenye chumvi sawa na bahari, kwa hiyo bahari isipoganda nao hawagandi. Samaki ana chumvi kidogo kuliko bahari, na angeganda mapema. Samaki wengi wa Antaktika wana protini kwenye damu inayoshika chembe za barafu zisikue, jambo lililofumbuliwa na Arthur DeVries katika miaka ya 1960 pale pale McMurdo. Darasa limeridhika. Mwalimu anasema limeuliza maswali kupita kipindi.

Aprili

Mwezi wa chakula. Hapa ndipo ninaposimama kwa uthabiti zaidi katika mradi huu wote: ukishashuka chini ya uwezo wa barafu, anayepanga makazi ni chakula.

Sakafuni hakuna mwanga wa kutosha kuotesha kitu. Kinacholiwa kinatoka juu, kwenye mwani mdogo wa planktoni unaochanua jua likirudi na barafu ikifunguka. Unakufa, unashikana, unazama. Lakini hauzami wima. Mkondo unauchukua, unaupeleka pembeni, unauangusha mahali maji yanapotulia, kisha pengine unauinua tena. Kwa hiyo mnyama anayechuja maji anaweza kuwa chini ya bahari isiyo na rutuba na bado akashiba, mradi mkondo unampitia ukiwa umebeba.

Mfano bora uko McMurdo tena. Pwani ya mashariki ya ghuba hupata maji yanayotoka kaskazini, kwenye Bahari ya Ross iliyo wazi, yamejaa planktoni. Pwani ya magharibi hupata maji yanayotoka chini ya Rafu ya Barafu ya Ross, ambako hakuna jua wala mwani. Mwaka 1977 Dayton na John Oliver walichapisha hesabu za wanyama wadogo wanaoishi ndani ya mashapo ya pande zote mbili. Mashariki walikuta zaidi ya 100,000 katika mita moja ya mraba, wingi ambao haupatikani sehemu nyingi duniani. Magharibi walikuta wachache kiasi kwamba waliifananisha sakafu ile na ya kina kirefu cha bahari. Ghuba ni moja, baridi ni moja, kina kinakaribiana. Kilichotofautiana ni maji yalipita wapi kabla ya kufika.

Mwaka 2018 Jan Jansen wa Chuo Kikuu cha Tasmania na wenzake walifanya jambo hili kwa hesabu, kwenye rafu ya bara ya George V (rafu ya bara ni ukingo wa bara uliozama, si barafu), upande wa mashariki wa Antaktika. Walichukua uzalishaji wa juu unaoonekana kwa setilaiti, wakafuata chembe zake ndani ya modeli ya mikondo hadi zinapotua, wakalinganisha na picha za sakafu. Chakula kilichokadiriwa kufika chini kilikwenda sambamba na wingi wa wanyama. Nimejaribu toleo jepesi la wazo hilo kwenye kompyuta yangu, kwa kuisogeza klorofili, rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa mwani, kufuata mkondo wa chini badala ya kuiacha wima juu ya mahali ilipopimwa. Ramani ya matarajio ya sifongo ilibadilika sura pale pale. Mabaka yalihama kutoka chini ya maji ya kijani kwenda kwenye kingo za mabonde na vilima ambako mkondo unakaza.

Nafasi ikipatikana tutaingiza pia hadithi ya Larsen B. Rafu hiyo ya barafu, kilomita za mraba 3,250 hivi, ilivunjika mapema mwaka 2002. Meli ya Ujerumani Polarstern ilifika huko kiangazi cha 2006 hadi 2007 ikakuta wanyama wa kina kirefu, wale waliozoea chakula haba, na pembeni yao askidia, wanyama wenye umbo la mfuko wanaochuja maji, waliokua haraka kwa kuwa mwanga umefika na planktoni imeanza kuchanua juu. Iliporudi mwaka 2011, askidia walikuwa wametoweka karibu wote, na sifongo wa kioo, wale wenye mifupa ya silika, wameongezeka mara mbili hadi tatu. Sifongo hao walidhaniwa kukua kwa mwendo usioonekana. Walikuwa wanangoja chakula.

Mwalimu ameuliza wanyama hawa wanakula nini majira ya baridi, maana kwa miezi hakuna jua. Jibu zuri limetoka kwenye utafiti wa Craig Smith na wenzake magharibi ya Rasi ya Antaktika. Mwani ulioanguka kiangazi hauozi upesi kwenye baridi ile, unabaki kwenye mashapo kama akiba, na wanaokula tope wanaendelea kulitafuna hadi msimu mwingine. Maelezo yake yamepita kwa Mwalimu bila kuguswa neno.

Mei, mwanzoni

Jiwe na tope. Nitaliandika kwa kifupi kwa sababu kanuni yake ni nyepesi: anayejishikiza anahitaji kitu kigumu, anayechimba anahitaji kitu laini. Barafuto zinabeba mawe kutoka bara, masiwa barafu yanayapeleka mbali na kuyaangusha yanapoyeyuka. Jiwe moja likitua katikati ya tope pana linageuka makazi ya sifongo, haidroidi na briozoa (wanyama wadogo sana wanaoishi kwa makundi) ambao wasingekuwepo. Hili linaonekana ncha zote mbili za dunia, hata kwenye kina kirefu cha Mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard. Kwenye miraba ya mita 500 jiwe halionekani, na sitajifanya modeli inaliona.

Tope likizidi ni shida nyingine. Potter Cove, Kisiwa cha King George, barafuto imekuwa ikirudi nyuma na maji yake ya kuyeyuka yanamimina udongo laini baharini. Kati ya 1994 na 2010 jamii ya sakafu pale ilibadilika. Askidia wanaochuja maji, waliokuwa wametawala, walipungua, na nafasi ikachukuliwa na mchanganyiko wa wengine. Mnyama anayeishi kwa kuchuja akiletewa udongo badala ya chakula, kazi inamshinda.

Mei, mwishoni

Nimerudi kwenye joto, maana kulitupa kabisa kungekuwa kupotosha. Baridi haielezi tofauti ndani ya McMurdo. Lakini pale ambapo joto linatofautiana, hata kwa nyuzi moja au mbili, mipaka inaonekana waziwazi.

Magharibi ya Rasi ya Antaktika mambo yako kinyume na mazoea yetu, kwa sababu ukishuka ndipo unapokuta joto. Maji ya kina ya mkondo unaolizunguka bara yanapanda juu ya rafu kupitia mabonde, nayo ni ya moto kuliko yale ya juu. Katika shimo la Palmer Deep, roboti iliyoshushwa mwaka 2010 ilikuta kaa-mfalme wa spishi ya Neolithodes yaldwyni wakiishi chini ya mita 850 tu, kwenye maji ya zaidi ya nyuzi 1.4. Kaa hana uwezo mzuri wa kupunguza magnesi kwenye damu yake, na kwenye baridi kali magnesi hiyo inamlegeza hadi anashindwa kusogea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya rafu ya Antaktika haina kaa wa kuvunja magamba, na ndiyo sababu mojawapo viti vya pweza na wenzao wamestawi bila ulinzi mzito. Mpaka huo umewekwa na joto, na joto likipanda kidogo unaweza kuhama.

Katika Bahari ya Weddell, Februari 2021, kamera iliyoburutwa na Polarstern ilipita juu ya viota vya samaki-barafu wa spishi ya Neopagetopsis ionah. Viota viliendelea kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 240, na wataalamu wakakadiria viko milioni 60. Kila kiota ni shimo la duara lenye mawe madogo, na vingi vilikuwa na samaki mmoja anayelinda mayai. Eneo hilo linaangukia mahali maji ya chini yana joto hadi nyuzi 2 zaidi ya maji ya jirani. Si mnyama wa kujishikiza, lakini ataingia kwenye ramani, kwa sababu mizoga ya samaki na mayai ni chakula cha wakazi wa sakafu.

Kwa kulinganisha tutaweka dirisha dogo la kaskazini. Kwenye rafu ya Bahari ya Bering, barafu ya majira ya baridi huacha chini bwawa la maji ya baridi, yenye nyuzi chini ya 2. Kaa wa theluji wachanga hujikinga humo kwa sababu samaki aina ya chewa wa Pasifiki hawapendi kuingia. Mwaka 2018 bwawa hilo karibu litoweke. Katika miaka iliyofuata kaa zaidi ya bilioni 10 walipotea, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulielekeza kwenye njaa: maji yalipopata joto miili yao ilihitaji chakula zaidi, nao walikuwa wengi wamebanana. Mwaka 2022 Alaska ilifunga uvuvi wao kwa mara ya kwanza. Joto na chakula havikutenda kila kimoja peke yake, na sanduku la maelezo limeandikwa hivyo.

Juni

Modeli imekimbia na matabaka yote. Kwa sifongo wa kioo, kigezo kinachotoka juu kila mara ni kina. Sijakubali kuliandika hivyo kwenye ramani. Ndani ya kina kumejificha msuguano wa barafu unaopungua, mwanga unaoisha, chakula kinachoanguka na maji ya joto yanayopanda. Ukimwambia mwanafunzi "sifongo anapenda mita 300" umemfundisha namba, hujamfundisha bahari. Kwa hiyo kina kitabaki kama mhimili wa michoro ya mkato, na sababu zitaandikwa pembeni yake, kila moja na mahali inapoanzia na inapokomea.

Tumekubaliana pia kutenganisha rangi mbili: rangi nzito kwa mahali mnyama ameonekana, rangi hafifu kwa mahali modeli inakisia. Mwalimu alitaka moja tu, ramani isichanganye. Nimemwomba tujaribishe zote mbili darasani, naye amekubali.

Kazi zilizobaki: kumalizia mchoro wa Sterechinus na mwani wake, kuongeza mpaka wa hifadhi ya Bahari ya Ross, kilomita za mraba milioni 1.55, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2017. Kutafuta mtu wa kusoma majina ya spishi kabla ya kuchapa. Na kupunguza ukubwa wa faili ili lifunguke kwenye simu ya kawaida, maana wengi wataliona huko kabla ya kuliona ukutani. Toleo la majaribio litatoka mara tu mkato wa McMurdo utakapokamilika.